Sura ya Nne: Mwizi Aliyeunganisha Printa

Askari wa kaunta aliikataa taarifa ile mara mbili. Mara ya tatu akaiandika, ila kwa kejeli: "Mlalamikaji anadai mtu ameingia nyumbani kwake bila kuvunja kitu, hakuiba kitu, na amemwongezea vitu." Kisha akaipeleka kwenye meza ya Bi Kurunzi, kwa kuwa kila jalada lisilo na kichwa wala miguu kituoni pale lilikuwa fungu lake.

Bi Kurunzi lilikuwa jina la utani. Wenzake walimpa kwa sababu hakuwahi kuingia chumba cha mtu bila kurunzi mkononi, hata jua likiwa la utosini, wala hakutoka kabla ya kuchungulia uvunguni. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika upelelezi, magoti mabovu, na subira ndogo sana kwa watu wanaoanza habari katikati.

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa sebuleni kwa mlalamikaji, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo aliyekuwa na chaki kwenye kucha hata siku aliyoomba ruhusa.

"Anza mwanzo, mwalimu. Siyo juzi. Mwanzo."

"Mwanzo ni mume wangu."

"Basi anza na mume wako."

Mwalimu akakaa, akasimulia kama anayeita mahudhurio, bila kupandisha wala kushusha sauti. Mume wake alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye kijichumba cha nyuma, kwa kompyuta kubwa aliyoinunua ikiwa tayari imezeeka na ambayo hakutaka kusikia habari ya kuibadilisha. Miaka miwili na miezi minne iliyopita aliaga asubuhi, akasema anavuka ng'ambo ya mto kununua kadi ya kompyuta, atarudi chai haijapoa. Asubuhi hiyohiyo daraja la waenda kwa miguu likaanguka. Watu kumi na mmoja waliopolewa wakiwa wamekufa. Mume wake hakuonekana. Kilichoonekana ni mkoba wake, umenasa kwenye matete.

"Na daraja lenyewe alilichora yeye," alimaliza mwalimu.

Bi Kurunzi alilijua jalada la daraja, kituo kizima kililijua. Tume ya uchunguzi ilikuta nondo nyembamba kuliko zinavyotakiwa. Mkandarasi akasema alijenga kama alivyochorewa. Mchoro wa asili haukupatikana, na aliyeuchora alihesabiwa miongoni mwa waliokufa, kwa hiyo lawama akatwishwa yeye. Maiti hajitetei.

"Jumamosi hii ukoo unakuja," alisema mwalimu. "Walikubaliana Jumatatu. Wanataka kuanua matanga. Niweke sahihi kwamba amekufa, halafu mahakama itoe cheti. Mama mkwe anasema hataki kuondoka duniani kabla mwanawe hajapumzishwa. Nimeshakataa mara tatu, safari hii sina neno jipya la kukatalia."

"Mara tatu ulikataa kwa nini?"

"Namngoja." Alilisema kama mtu anayetaja umri wake. "Najua linavyosikika, afande. Namngoja. Mpaka leo nalala upande mmoja wa kitanda."

Bi Kurunzi akakohoa. Jibu kama hilo halina nafasi kwenye fomu.

"Mlango haukuvunjwa. Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Mmoja wangu. Mmoja wa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Na mmoja wa mume wangu mwenyewe, aliondoka nao mfukoni."

"Muda wote huu hujabadilisha kitasa?"

Mwalimu akamtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza kisichohitaji kuulizwa. "Nikibadilisha, akirudi ataingiaje?"

Wakaenda kwenye kijichumba. Kilikuwa na dirisha moja, meza pana ya kuchorea, kiti kimoja, na ile kompyuta: skrini nene, na sipiyu iliyosimama sakafuni, nzito kama jiwe la kusagia. Pembeni mwa skrini palikuwa na printa nyeupe. Kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka. Kwenye trei yake kulikuwa na karatasi moja yenye mistari ya rangi, ile ambayo printa huchapa ikijaribiwa.

"Hiki ndicho ulichoongezewa?"

"Ilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi lake. Shule ilinipa ilipopata mpya. Nikamwomba aniunganishie, niwe nachapa mitihani hapahapa nyumbani badala ya kupanga foleni ofisini kwa mkuu. Akasema mashine haina tundu la kuichomeka, mpaka inunuliwe kadi ya kuongeza matundu. Kila siku kesho, kesho. Ile kadi aliyoifuata..." Mwalimu akavuta pumzi. "Aliifuata kwa ajili ya hii printa. Jumanne jioni narudi, naikuta mezani, imechomekwa, inawaka."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa sakafuni nikaiangalia mpaka miguu ikafa ganzi. Sikugusa kitu."

"Vizuri. Na umeme? Umekatika tangu Jumanne?"

"Haukukatika. Ajabu, lakini haukukatika."

Bi Kurunzi alikuwa na kanuni moja tu ya kazi: macho kwanza, mikono mwisho. Hakuchomoa waya hata mmoja. Alipiga picha kila kitu kilipokuwa, kisha akaomba bisibisi, akapiga magoti kwa kulalamika, akafungua skrubu mbili za ubavu wa sipiyu na kuliondoa bati lake taratibu. Akawasha kurunzi.

Ndani mlijaa vumbi la kijivu, la miaka, limelala juu ya kila kitu. Katikati ya vumbi hilo palikuwa na kadi moja safi, mpya kabisa, imekaa kama jino jipya kwenye kinywa cha kikongwe. Ilikuwa na matundu manne yaliyotokeza nyuma ya mashine. Moja lilishika waya wa printa. Matatu yalikuwa matupu, lakini mbele ya mojawapo vumbi la fremu lilikuwa limepanguswa, kana kwamba kitu kidogo kilichomekwa hapo kikachomolewa.

"Mashine ilikuwa na matundu mengine kabla ya haya?"

"Mawili mbele. Yalikufa kwa radi, pamoja na la waya wa mtandao. Alikuwa anahamisha kazi zake kwa visahani vya diski, vile vya zamani vya mraba."

"Ambavyo siku hizi havipatikani hata kwa dawa," alisema Bi Kurunzi. Akakaa kitako sakafuni, kwa kuwa magoti yalikuwa yameshatoa notisi. "Sasa nisikilize, mwalimu. Mimi ni mwizi. Nataka kilichomo kwenye mashine hii. Nafanyaje? Nafungua skrubu nne, nang'oa diski, naitia kwenye koti, kwaheri. Dakika tano. Huyu wako alikuja na kadi. Alifungua mashine, akaifunga kadi, akakaza skrubu, akachukua alichotaka kwa kunakili, akakiacha cha asili mahali pake. Halafu akapanda juu ya kabati akashusha printa. Mtu huyu alikuwa na muda, alikuwa na adabu, na hakutaka kukuachia mashine mbovu."

Bi Kurunzi aliligeuza lile bati la ubavu ili aliegemeze ukutani, akaona kitu ambacho hakukitegemea. Upande wake wa ndani palikuwa pamebandikwa vibamba vitatu vya chuma, vyembamba, virefu kama kidole cha kati. Kila kimoja kilishikwa na kipande cha utepe wa gundi. Viwili vilikuwa na vumbi. Cha tatu kilikuwa kinang'aa. Akavipiga picha, kimoja kimoja.

"Hodi!" ilisikika sebuleni, na mwenye hodi hakungoja kukaribishwa. "Shemeji, ile habari ya Jumamosi, mama anauliza..." Akasimama mlangoni mwa kijichumba. Alikuwa mwanamume mnene, fulana imemganda mgongoni, mikono ya mtu wa usukani. "Kuna nini?"

"Kuna ufunguo," alisema Bi Kurunzi kutoka sakafuni. "Wako uko wapi?"

Shemeji akaugusa mfuko wa suruali. "Huu hapa. Kwani?"

"Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Njiani."

"Njia ni ndefu, ndugu yangu. Wapi?"

"Mizani! Mimi dereva wa lori, afande. Jumanne nimekaa kwenye foleni ya mizani mchana wote, mpaka nikajuana na inzi wa pale." Akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mhuri na saa mbili zimegongwa: ya kuingia, saa saba mchana, ya kutoka, saa kumi na moja jioni. Bi Kurunzi aliisoma kwa kurunzi ingawa chumba kilikuwa na mwanga tele.

"Nionyeshe kitu. Kwa kidole tu, usiguse. Printa hii ungetaka kuichomeka kwenye mashine, ungeichomeka wapi?"

Shemeji akainama, akatazama nyuma ya sipiyu kwa muda mrefu. Mwisho akaelekeza kidole kwenye tundu la spika.

"Kompyuta na mimi tunajuana kwa sura tu," alijitetea.

"Naona. Unaweza kwenda."

Lakini hakwenda. Alikuwa ameiona printa, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Mnaniona kama mchawi," alisema, akimwambia mwalimu na siyo askari. "Kwamba nina haraka ya kumzika kaka yangu. Mama kila akisikia mlango unagongwa anainua kichwa. Wewe hukai naye, shemeji. Mara ishirini kwa siku. Mlango ukigongwa, kichwa juu. Nimechoka kumwona akikirudisha chini."

"Na mimi nakiinua, shemeji," alisema mwalimu.

Wakatazamana. Shemeji akajifuta uso kwa mkono mzima, akaaga kwa kichwa, akaenda zake. Bi Kurunzi alimfuta kwenye orodha ya washukiwa, na orodha ikabaki tupu, kwa sababu alikuwa yeye peke yake ndani yake.

*

Katika mtaa wa tatu kutoka pale palikuwa na duka la fundi kompyuta mmoja aliyeitwa Fundi Pole. Kila mashine iliyoletwa kwake aliipa pole kwanza, ndipo akaifungua. Miwani yake ilifungwa kwa uzi, na duka lake lilikuwa na mifupa ya mashine mpaka darini. Bi Kurunzi akamwekea simu mbele ya pua, yenye picha ya ile kadi.

"Hii nimeiuza mimi," alisema Fundi Pole bila kufikiri.

"Una hakika gani?"

"Mama, kadi ya namna hii nilikuwa nayo moja. Ni ya nafasi za zamani, zile ndefu nyeupe. Mashine za leo hazina. Imekaa hapa miaka minne, tulishazoeana. Jumatatu asubuhi anakuja mtu anaiomba kwa sifa zake zote. Nikamwangalia mara mbili."

"Akoje?"

"Mwembamba. Ndevu zina mvi. Kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Hajulikani hapa, au hataki kujulikana. Ila kazi anaijua! Aliigeuza kadi, akasoma maandishi ya chipu yake, akasema hii haitahitaji diski ya kuitambulisha kwenye mashine. Kweli haihitaji. Akaniuliza ina matundu mangapi. Nikamwambia manne. Akasema, 'Mimi nahitaji mawili. Moja langu, moja la mke wangu.'"

Bi Kurunzi akaacha kuandika. "Alisema hivyo?"

"Kama nilivyokwambia."

"Moja langu, moja la mke wangu."

"Mama, nikuapie?"

Aliandika. Hakujiruhusu kufurahi, wanaume wenye wake ni wengi duniani, na wenye ndevu za mvi ni wengi zaidi. Akaivuta picha nyingine, ya vile vibamba vitatu vilivyobandikwa kwenye bati.

"Na hivi ni nini?"

"Vifuniko. Nyuma ya mashine kila nafasi ya kadi ina kifuniko chake. Ukitia kadi, unakitoa."

"Wewe ukikitoa unakiweka wapi?"

Fundi Pole akaonyesha kopo la rangi sakafuni, limejaa vibamba, skrubu na vitako vya penseli. "Humo. Kila fundi ana kopo lake. Kubandika kimoja kimoja ndani ya mashine ni uungwana uliozidi. Na hebu sogeza picha... huu utepe umekunjwa ncha. Unaona? Kila ncha imekunjwa kidogo ndani, ili ukitaka kuubandua ushike hapo. Hii siyo kazi ya fundi. Fundi hana muda wa kukunja."

"Ni kazi ya nani?"

"Hapo ndipo elimu yangu inapoishia." Alimrudishia simu. Kisha, alipoona askari anaondoka, akamwita. "Mama! Hukuchomoa umeme wa mashine hiyo?"

"Sijachomoa kitu."

"Afadhali. Ndani kuna betri ndogo inayoshika saa. Katika mashine za umri huo imeshakufa zamani. Ukichomoa waya ukutani, saa inasahau kila kitu. Siku ukichomeka tena, inaanza upya saa sita usiku ya tarehe mosi Januari, na inaendelea kuhesabu kutoka hapo hata ukiizima, ilimradi waya uko ukutani."

Bi Kurunzi akasimama juu ya kizingiti cha duka. Alimshukuru fundi kwa namna ambayo hakuwa na desturi ya kushukuru watu, yaani kwa maneno.

*

Saa tisa na dakika chache alikuwa tena kwenye kijichumba. Hakukaa.

"Mwalimu, nitakuuliza jambo dogo, usilikimbize. Unamjua mtu yeyote ambaye akikata utepe wa gundi hukunja ncha?"

Alikuwa ameliegemeza lile bati mezani. Mwalimu alikuja karibu. Alivitazama vibamba vyote vitatu, vya zamani viwili na kipya kimoja, akanyoosha mkono akagusa ile ncha iliyokunjwa ya kipya kwa ukucha wenye chaki.

"Wachoraji," alisema polepole. "Wale wa zamani, waliojifunzia mezani. Karatasi ya ramani inashikwa kwa utepe kwenye kona nne. Usipokunja ncha, siku ya kuubandua unachana kazi ya wiki mbili. Mume wangu alifundishwa hivyo, na mkono ukazoea. Anakunja kila utepe. Zawadi, boksi, waya. Akijikata, hata plasta anaikunja ncha. Nilikuwa namcheka..."

Akaketi kwenye kile kiti kimoja. Mkono uliogusa utepe aliuweka mdomoni.

"Vile viwili alivibandika miaka mingi, nakumbuka, cha kadi ya sauti na cha skana," alisema. "Hiki cha tatu sikijui."

"Cha tatu kimebandikwa Jumanne."

"Yu hai."

"Jumanne alikuwa hai, na alikuwa ndani ya chumba hiki," alisema Bi Kurunzi, ambaye hakupenda kusema zaidi ya alichoweza kuthibitisha. "Aliingia kwa ufunguo wake."

Mwalimu alilia bila sauti, akiwa amenyooka kitini kama yuko mbele ya darasa. Bi Kurunzi akamwacha alie, akawasha mashine. Iliguna, ikafikiri, ikawaka. Kwenye kona ya skrini ilikuwa imeandika kwamba leo ni tarehe tatu Januari, saa saba na dakika kumi usiku. Bi Kurunzi akatazama saa yake ya mkononi: Alhamisi, saa tisa na dakika kumi mchana.

"Inadanganya," alisema mwalimu, akijifuta.

"Inadanganya, lakini kwa kipimo kilekile. Shahidi wa namna hiyo nampenda kuliko msema kweli." Akahesabu kwenye daftari. Tangu mosi Januari, saa sita usiku, mpaka sasa: saa arobaini na tisa na dakika kumi. Kuzirudisha nyuma kutoka Alhamisi saa tisa na dakika kumi kukampeleka Jumanne, saa nane kamili mchana. "Wewe uliichomoa mashine hii alipopotea?"

"Siku ya pili yake. Niliogopa radi."

"Basi yeye aliichomeka Jumanne saa nane. Saa yetu ni hiyo."

Sasa alijua pa kuanzia. Akaiambia mashine imwonyeshe faili lililofunguliwa mwisho. Lilikuwa moja. Lilifunguka taratibu, mstari kwa mstari: daraja la waenda kwa miguu, limechorwa kutoka ubavuni, nguzo zake, sakafu yake, na kwenye kila nguzo vipimo vya nondo vimeandikwa kwa tarakimu ndogo safi. Bi Kurunzi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ishirini na tano," alisoma. "Kila mahali ishirini na tano. Ripoti ya tume inasema nondo zilizokutwa ni za milimita kumi na sita."

"Maana yake nini?"

"Maana yake mume wako alichora sawasawa, na aliyejenga alijenga vingine. Tarehe ya faili ni ya mwaka mmoja kabla daraja halijajengwa." Alinyoosha kidole kwenye lile tundu lililopanguswa vumbi. "Hilo ndilo tundu lake. Alichomeka flashi hapo akanakili mchoro huu. Miaka miwili na zaidi amejificha kwa kudhani huenda ameua watu kumi na mmoja kwa penseli yake, na jibu lilikuwa limekaa hapa chini ya meza. Mashine haikuwa na mlango wa kulitolea, ndiyo maana akanunua mlango."

"Kwa nini hakuja siku zote hizi?"

"Hilo ataulizwa yeye. Mtu akiogopa jibu, hulikwepa hata likiwa kwake. Jumamosi usiweke sahihi yoyote, mwalimu. Nitaandika taarifa, na mama mkwe wako nitamwambia mwenyewe. Mchoro huu naupeleka kwa tume leo, na mume wako bila shaka ameshaanza kuupeleka kwa njia yake. Njia hizo mbili zitakutana."

Yalikuwa maneno mengi kwa Bi Kurunzi. Alitegemea shukrani. Badala yake mwalimu alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ikapanda.

"Kwa hiyo aliingia, akamaliza shida zake, akaondoka! Miaka miwili na miezi minne mimi nalala upande mmoja wa kitanda, yeye anakuja mchana kama msoma mita! Hata neno hakuandika."

"Barua ingeweza kuokotwa na yeyote mwenye ufunguo. Yeye hajui nani anaingia humu siku hizi."

"Basi angenisubiri! Kunisubiri tu, afande, kungemgharimu nini?"

Bi Kurunzi alikuwa amefungua kumbukumbu za mashine, ile orodha ndefu ambayo hujiandika yenyewe kila inapowashwa na kuzimwa, na alikuwa akigeuza kila saa ya uongo kuwa saa ya kweli, kwa penseli. Alipofika mwisho alirudia hesabu. Akairudia tena.

"Kwa kawaida unarudi saa ngapi kutoka shule?"

"Saa kumi na robo. Miaka yote. Yeye mwenyewe anajua, ndiyo ilikuwa saa yetu ya chai."

Akamgeuzia daftari. "Saa nane aliwasha. Saa nane na dakika arobaini mchoro ulikuwa umeshanakiliwa. Saa tisa na robo printa ilichapa ile karatasi ya majaribio. Kazi yote aliyoijia ikaisha hapo. Mashine imezimwa saa kumi na moja kasoro dakika nane."

"Na katikati alifanya nini?"

"Hakuna faili lililofunguliwa. Hakuna kilichochapwa. Mashine iliwaka tu, na yeye yuko hapa."

Mwalimu alihesabu kwa vidole, kama anavyowafundisha watoto: kutoka saa tisa na robo, kupita saa kumi, kupita saa kumi na robo, mpaka karibu saa kumi na moja. Vidole vikasimama.

"Alikusubiri," alisema Bi Kurunzi. "Ilipopita saa yako akakuongezea nusu saa na zaidi. Kisha nadhani akaogopa kwamba atakayefungua mlango siyo wewe." Akachukua fomu, kwa kuwa kulikuwa na sehemu moja tu iliyobaki wazi. "Jumanne ulirudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Sababu ya kuchelewa?"

"Tulikuwa na kikao cha walimu."

"Kikao kikaisha saa kumi na mbili?"

Mwalimu aliitazama printa. Bi Kurunzi akainua macho kutoka kwenye fomu.

"Kiliisha saa tisa na nusu. Wenzangu wakaenda makwao. Mimi nikabaki darasani peke yangu, nikafuta ubao, nikapanga madawati. Nikaufuta ubao tena."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyumbani hakuna mtu, afande."